Jina Lililomnyamazisha Mtoto

Mabomba ya mtaa wa Malambo yalikuwa yamekauka tangu wiki iliyopita, watu wanaamkia foleni ya kisimani na madumu yao, lakini Mwalimu Harieth aliamka mchana ule akakuta sakafu ya chumba chake imelowa.

Hakushangaa sakafu kwanza. Alishangaa kwamba alikuwa amelala. Tangu ajifungue alikuwa hajui usingizi unafananaje. Mtoto wake wa kike, ambaye hata jina hakuwa nalo bado, alilia asubuhi, akalia mchana, akalia usiku mpaka majogoo wa jirani wakachoka kushindana naye. Sasa alikuwa ametulia kando yake, macho wazi, ameshiba, nywele mbichi. Harieth akamnusa utosini. Alinuka tope na samaki, lile shombo la ufukweni, na kutoka Bariadi mpaka ziwani ni safari ya gari.

"Nitakuwa nimemwogesha nikasahau," akajiambia. Mtu aliyechoka huamini chochote kitakachomwacha arudi kulala. Akapangusa sakafu kwa kanga kuukuu, akajilaza tena. Baadaye ndipo aliona dumu pekee la maji ya nyumba ile likiwa limejaa vilevile, mfuniko umekazwa.

Sasa ngoja turudi nyuma kidogo, maana jambo hili halikuanzia kwenye sakafu.

Harieth ni mzaliwa wa Bukoba. Serikali ilimpangia kufundisha Kiingereza huku Bariadi, na huku huku akaolewa na Jilala, kijana wa Mwamanyili anayepima pamba kwenye chama cha ushirika. Jilala hana ubaya. Ila msimu wa pamba ukifunguliwa, mke wa mpima pamba ni mjane wa muda: mume anashinda Kasoli, analala Mwandoya, anapiga simu akiwa na vumbi kooni, anasema "vumilia mama," kisha mtandao unakata.

Mama mkwe, Apolonia, alikuja kumwona mjukuu na kumtafutia jina. Katika ukoo wao jina la mtoto halichaguliwi. Mtoto akiwa analia, mzee humpakata akamwitia majina ya waliotangulia, polepole, mmoja mmoja. Lile litakalomnyamazisha ndilo lake, na mwenye jina huwa somo wake tangu siku hiyo, humjia na kumlinda. Apolonia aliita wote aliowajua, wa kuumeni na wa kukeni. Mtoto alilia juu yao wote.

"Huyu kaja na kichwa chake," Apolonia alisema akijifuta jasho. "Basi, nikimaliza kuvuna mpunga nitarudi tujaribu tena." Alipokuwa anapanda gari akamshika mkwe wake mkono. "Mwanangu, akilia mwimbie, mbebe, mfinye hata. Ila usimwitie majina ovyo. Jina likishamnyamazisha limemshika, na mwenyewe lazima aje kumwona somo wake."

"Ndiyo, mayu," Harieth aliitikia, yaani mama kwa lugha ya ukweni, vile mtu anavyomwitikia mkwe huku mtoto anamtapikia begani.

Kulikuwa na blanketi. Alilinunua mnadani, la mtumba, laini, lina picha ya mwanamke mwenye mkia wa samaki. Mchana mmoja, nyimbo zimekwisha, rozari imekwisha, hata mashairi ya darasani yamekwisha, mtoto bado analia, Harieth akalitazama lile blanketi akajiuliza huyu mwanamke wenzetu wanamwitaje. Ni mwalimu wa lugha, hawezi kuacha neno lipite. Akafungua simu. Mtandao ukamletea majina kwa lugha za dunia nzima, naye akaanza kusoma kwa sauti, akimtikisa mtoto, nusu macho nusu usingizini.

"Sisi tunasema nguva," alimwambia. "Wareno wanasema sereia. Wahispania, sirena. Warusi, rusalka. Kule Japani, ningyo. Wakongo wanasema mamba muntu, wa Nigeria wanasema Mami Wata. Unaona? Dunia nzima wamemwona, kila mtu kampa jina lake, na hakuna aliyemuuliza la kwake."

Akaendelea kusoma. Akafika neno moja, na mtoto akanyamaza. Alinyamaza katikati ya kilio, mdomo wazi, kisha akageuza uso mlangoni.

Neno lenyewe sitalitaja. Nyumbani kwangu kuna mjukuu mchanga.

Harieth alicheka kwa furaha ya kweli. "Kumbe unataka hili?" akasema, akalirudia, akalirudia tena, mpaka usingizi ukamchukua akiwa amekaa. Alipoamka ndiyo ile sakafu ikawa imelowa.

Ikawa hivyo kila siku. Jua likikaa utosini, mtaa mzima umejificha ndani kwa joto, macho ya Harieth yanakuwa mazito, na akizinduka jioni mtoto ni msafi, ametulia, nepi zimefuliwa ziko kambani zinachuruzika. Hakuuliza. Alijua kuna mtu anaingia, na hakuuliza, na hilo ndilo lililokuja kumtafuna baadaye kuliko yote.

Aliyeuliza ni Winnie, jirani anayekaanga vitumbua barazani.

"Madam, huyo mgeni wako mbona hasalimii watu?"

"Mgeni gani?"

"Anayemwimbia mtoto mchana. Ana sauti nzuri jamani, mpaka mafuta yangu yanaungua namsikiliza. Lugha tu ndiyo siielewi."

"Ni ndugu yangu," Harieth alisema. "Ametoka kwetu."

Uongo ulimtoka wenyewe, mwepesi, na akiwa anarudi ndani alielewa kwamba amemtetea mtu asiyemjua asije akafukuzwa.

Halafu mtoto akakataa ziwa. Harieth alimwekea titi mdomoni, mtoto akageuza kichwa kwa adabu, kama aliyetoka kula kwa watu. Asubuhi hivyo, jioni hivyo. Kifua kilimjaa kikawaka moto, akakamua maziwa akayamwaga chooni analia. Kliniki mtoto alipowekwa kwenye mizani, nesi alitabasamu. "Hongera mama, unanyonyesha vizuri." Harieth akapanda bodaboda kurudi nyumbani, na njia nzima hakuacha kububujikwa na machozi, mpaka dereva akapunguza mwendo akamuuliza kama kuna msiba.

Siku iliyofuata aliamua kutolala. Alijilaza kitandani amefumba macho, akauma ulimi wake ili maumivu yamshike, akasikia mafuta ya Winnie yakichemka nje, kisha hayakusikika tena, wala kuku, wala pikipiki za barabarani, kimya kikaingia chumbani kikifuatwa na harufu ya tope, na nyuma ya harufu kitu kizito kilichokuwa kikijivuta sakafuni, kibichi, kinasimama kinapumzika, kinajivuta tena, kikapita miguuni pa kitanda mpaka upande wa mtoto, naye akafumbua jicho kidogo tu, upana wa uzi, akaona mgongo wa mwanamke na nywele zinazofika sakafuni zikidondosha maji, akasikia mwanawe akinyonya kwa pupa, kwa raha, vile ambavyo hakuwahi kunyonya kwake, na yule mwanamke akiimba kwa chini, na ndani ya wimbo Harieth akatambua maneno yale yote aliyoyasoma kwenye simu, moja baada ya jingine, kama mtu anayejihesabia majina yake mwenyewe, kisha wimbo ukakatika na yule akageuka nusu, akanyoosha mkono wa baridi kama mtungi, akavuta shuka akamfunika Harieth mabega, taratibu, jinsi mama anavyomfunika mtoto wake mkubwa.

Na Harieth alitaka kulala. Mungu amsamehe, hata pale alitaka kulala.

Jioni alimpigia Apolonia. Bibi hakuuliza mengi. Asubuhi alikuwa kwenye gari la kwanza, mpunga ameuacha kiwanjani.

Aliingia chumbani, akanusa, akaketi kwenye kigoda bila kuvua hata kilemba. Uso wake ulizeeka pale pale.

"Ulimwita nani?" alinong'ona.

"Mayu, nilikuwa nasoma tu. Ni maneno."

"Nakuuliza ulimwita nani. Niambie sikioni."

Harieth akainama akamwambia. Bibi akafumba macho.

"Kule kwetu Mwamanyili ziwa liko mlangoni," alisema, "na yule hatuna jina lake. Tunasema yule, basi. Unadhani tulikosa maneno?"

"Nilikuwa nimechoka, mayu."

"Najua umechoka. Yeye naye anajua. Mtoto wa mama aliyepumzika hamwendei."

Harieth alitaka waite mganga, au ustaadhi wa mtaa wa pili, au padri. Apolonia akatikisa kichwa. Mganga aliyemwamini alikwisha kufa, alisema, na padri ataanza na maswali. Jina lina njia moja: aliyelipeleka ndiye alirudishe, kwa adabu, maana yule hakuvunja mlango, alialikwa.

Wakaenda mchana huo huo, jua kali, kwenye lambo la ng'ombe nje ya mji. Maji yalikuwa yamebaki kidimbwi katikati ya tope lililopasuka. Mchungaji mmoja alikuwa akiwapiga ng'ombe wake wanywe, nao wamesimama mbali, wamekaza shingo. Aliposalimiwa "mwadila" aliitikia bila kuwatazama, akawageuza ng'ombe akaondoka nao.

Harieth alikunja blanketi, akaliweka juu ya maji kama alivyoelekezwa.

"Somo," alisema. "Wabeja, asante. Umenisaidia, sikatai. Jina lako hili, nakurudishia." Akalitamka mara ya mwisho. "Mtoto ana jina lingine. Anaitwa Milembe, jina la bibi yake Jilala. Usije tena."

Blanketi halikuzama lenyewe. Lilipokelewa. Upande mmoja ulishuka, kisha wa pili, polepole, na maji yakajifunga juu yake. Pale pale mtoto mgongoni kwa Apolonia akaangua kilio.

"Atalia," Apolonia alisema njiani, akiinua sauti ili asikike. "Atalia sana, anaachishwa. Sisi tutamwita Milembe tu. Hata asiponyamaza, Milembe tu, mpaka jina limzoee."

Na siku ile ile mtoto alinyonya ziwa la mama yake. Harieth alihisi yale meno yasiyokuwepo yakimbana, akamshukuru Mungu kwa maumivu hayo. Sakafu ilikauka. Harufu ikaisha. Ushindi, mtu angesema.

Lakini kilio kile hakikuwa cha kawaida. Mtoto alinyonya, akapumua, akalia. Alilia mpaka sauti ikakwaruza, na sauti ilipokwisha alilia bila sauti, mwili mzima unatetemeka. Winnie alihamishia jiko lake upande wa pili. Jilala alikuja usiku mmoja, akambeba mtoto mpaka asubuhi, akarudi kwenye pamba yake macho mekundu, na moyoni, walijua, anashukuru kuondoka. Waliobaki ni wanawake wawili wakipokezana, mmoja akitembea, mwingine amejiegemeza ukutani hajalala. "Milembe," anasema huyu. "Milembe, Milembe," anaitikia yule. Neno lilipoteza maana, likawa kama kutwanga. Apolonia alianza kuwapa majina ya kale watu waliomo chumbani. Alimwita Harieth kwa jina la dada yake aliyekufa. Alikunywa chai akasahau sukari, akasahau chai yenyewe.

Mchana wa saa saba, joto limekaa juu ya mabati, ilikuwa zamu ya bibi. Harieth alikuwa amejilaza chini kwenye mkeka. Alimtazama mama mkwe wake akizunguka, hatua fupi, mtoto begani, kilemba kimefunguka, midomo inatembea bila sauti. Alimwonea huruma mpaka kifua kikauma. Nje, bomba lililokauka siku nyingi lilidondosha tone moja kwenye ndoo tupu. Kisha likasubiri. Kisha jingine.

"Mayu," Harieth alinong'ona. "Nipe mimi nimbebe."

Apolonia alisimama. Alikuwa ameegemea mwimo wa mlango, macho yamefumba, uso umelegea kama wa mtu ambaye mwishowe amewekewa mto. Mpaka leo Harieth hajui kama mzee wa watu alikuwa amesinzia au alikuwa macho. Midomo yake ilitembea, Mi, Mi, kisha ikaacha. Na kwa sauti ndogo, ya upole, akalisema lile neno aliloambiwa sikioni.

Mtoto akanyamaza.

Mafuta ya Winnie yakaacha kusikika. Harieth aliijua harufu kabla haijafika. Alikuwa na nafasi ya kuinuka, na mlango ulikuwa karibu. Akamwona bibi akiteleza taratibu ukutani mpaka chini, mtoto mapajani, wote wawili wametulia, na chini ya mlango maji yakaanza kuingia, kidogo kidogo, yakaufikia mkeka, yakamgusa shavu. Yalikuwa ya baridi, na nyumba ilikuwa kimya kabisa.

Harieth akavuta kanga mabegani, akalala.