Mteja wa Mlimani

"Huyu Mteja wa Mlimani ni nani?"

Spoku alikuwa ndiyo kwanza ametoka kuoga, taulo shingoni. Alipoiona simu yake mkononi mwa mkewe, akasimama palepale mlangoni kama mtu aliyekanyaga msumari.

"Mteja," alijibu.

"Wa nini?"

"Wa baiskeli. Kwani mimi natengeneza nini kingine?"

Mkewe hakucheka. Alikuwa ameketi nyuma ya cherehani, gauni la watu limelala mapajani. Akausoma ujumbe taratibu, neno moja moja, kama anavyosoma vipimo:

"Jumamosi iliyopita ilinisafisha roho. Hii inayokuja usichelewe. Na tafadhali, mkeo asijue."

Akaiweka simu mezani, kioo kikitazama juu.

"Mteja gani anasafishwa roho na breki?"

"Siyo unavyofikiria, mke wangu."

"Sijasema ninachofikiria. Nimeuliza ni nani."

Spoku aliivuta taulo shingoni.

"Nipe siku chache. Nitakwambia kila kitu. Niliahidi kwamba sitasema."

"Ulimwahidi nani? Mimi au huyo?"

Mkewe akarudisha mguu kwenye cherehani, na jioni nzima ya Alhamisi ile kilichosikika ndani ya nyumba ni sindano tu.

Mtaani waliitwa Spoku na Sindano. Yeye fundi baiskeli, mwembamba mrefu kama waya wa gurudumu. Mkewe fundi wa nguo, na ulimi wake ulijua kuchoma. Walikutana huko huko mlimani, enzi Sindano akishuka kwenye mawe kwa kasi iliyowafanya wanaume wa klabu ya baiskeli wasogee pembeni. Kuendesha alifundishwa na baba yake, mpima ardhi, mtu aliyeijua kila njia ya nyanda zile za juu kwa miguu na kwa magurudumu.

Baba huyo huyo ndiye aliyekataa kuja kwenye harusi.

"Sikukusomesha ukafue ovaroli za grisi," alimwambia bintiye siku ile. "Ukitoka na huyo fundi, umetoka."

Sindano akatoka. Miaka mitatu ikapita, baba hakupiga simu na binti hakukanyaga kwake. Baiskeli yake akaitundika ukutani stoo, akasema hana muda nayo. Spoku aliendelea kwenda mlimani kila Jumamosi. Alisema anakwenda na wenzake wa klabu, naye mkewe hakuwahi kuuliza zaidi.

Ijumaa mchana akampigia shangazi yake.

"Shangazi, nadhani mume wangu ana mtu."

"Spoku? Yule aliyelia siku ya harusi mpaka shati likaloa? Acha masihara."

"Wanakutana kila Jumamosi. Kesho ninamfuata."

"Usiende, mwanangu. Juu kule kuna ukungu, njia imeharibika yote."

"Shangazi. Kwani mimi nimesema wanakutana mlimani?"

Upande wa pili ilisikika sauti ya redio, kisha kikohozi ambacho hakikuwa cha ugonjwa.

"Na wewe unajua!" Sindano alisimama. "Mnajua wote!"

"Basi nenda," shangazi alisema kwa upole. "Ila nakuomba kitu kimoja. Ukifika, tazama kwanza ndiyo ufungue mdomo."

Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi Spoku alitoka, akijitahidi kufunga mlango bila kelele. Sindano alihesabu mpaka mia, akaenda stoo.

Alitegemea kukuta tairi zimelala na cheni imekula kutu. Badala yake tairi zilikuwa zimejaa upepo. Cheni ilikuwa na oili mbichi, na breki zote mbili zilishika alipozijaribu. Miaka mitatu mtu amekuwa akiitunza baiskeli asiyoiendesha yeye. Lakini hasira alikuwa nayo bado, akaibeba na baiskeli yake wakatoka pamoja.

Njia ilianza kwa upole kando ya mashamba, kisha ikakata kona na kuanza kupanda. Mapafu yalimwambia ukweli mapema. Alishuka, akasukuma, akapanda tena. Baada ya saa nzima miti ilikwisha, zikabaki nyasi za manjano zinazofika magotini, udongo mweusi uliolowa maji, na mawe yaliyotupwa ovyo. Upepo ulikuwa baridi na safi. Kwenye tope aliona alama za tairi: jozi mbili, zikienda sambamba.

"Wako wawili," alijisemea. "Haya."

Aliwasikia kabla ya kuwaona, maana ukungu ulikuwa umekalia ukingo wa bonde. Sauti ya Spoku ilikuwa ya chini, ya subira, ileile aliyoitumia kumtuliza akiwa na homa.

"Polepole. Kushoto kwako kuna jiwe, usiligeukie. Nyoosha usukani. Hapohapo. Safi kabisa."

Ile sauti ndiyo iliyomuuma. Akabwaga baiskeli majanini.

"Spoku!"

Watu wawili waligeuka. Mmoja alikuwa mumewe, matope mpaka kidevuni. Wa pili alikuwa juu ya baiskeli, mguu mmoja chini. Alivua kofia ngumu, na nywele nyeupe zikapeperuka na upepo.

"Nani huyo?" aliuliza, ingawa Sindano hakuwa hata umbali wa hatua kumi kutoka kwake.

Sindano alikuwa na maneno aliyoyapanga njia nzima. Yote yaliyeyuka.

"Baba?"

Mzee aliganda. "Mama? Ni wewe?"

"Ni mimi. Mbona unaniangalia begani?"

Baba yake akageuza kichwa kidogo, akamtafuta kwa pembe ya jicho, kama ndege anavyotazama. Alipompata akatulia.

"Macho yanaondoka, mama," alisema. "Katikati kumebaki moshi. Pembeni ndiyo naona kidogo. Daktari amesema hayarudi."

"Tangu lini?"

"Mwaka sasa. Nikasema kabla giza halijafika, nipite njia zangu zote mara ya mwisho. Safari ya kwanza tu nikaanguka pale kwenye mawe. Gurudumu likapinda, na goti likapinda. Nikalala kwenye majani nikingoja atakayepita. Akapita huyu."

Spoku alikuwa anaangalia viatu vyake.

"Alinyoosha gurudumu kwa mikono, akanisindikiza mpaka chini," mzee aliendelea. "Kwa macho haya sikumtambua, mpaka aliposema jina lake la mtaani. Nikangoja anisimange. Akaniuliza kama Jumamosi ijayo nitakuja. Hiyo ni miezi saba."

"Miezi saba!" Sindano alimgeukia mumewe. "Miezi saba unakula na mimi, unalala na mimi, unaenda kushika mkono wa baba yangu, na mimi sijui kama anaona au haoni!"

"Nilikosea," Spoku alisema.

"Usinijibu haraka hivyo."

Akarudi kutazama viatu vyake. Upepo ukapita kwenye nyasi.

"Nilimwomba mimi," mzee aliingilia. "Nilitaka nije kwako kwanza na msamaha, macho yafuate. Ningefika na upofu wangu ungenipokea kwa huruma. Kila wiki jirani akaniandikia ujumbe wa kumkumbusha usijue, na kila wiki nikasema wiki ijayo. Nilaumu mimi."

"Baba, subiri. Zamu yako inakuja."

Mzee akafunga mdomo kama mwanafunzi. Spoku nusura acheke, akajizuia.

"Siku mbili nimekaa kwenye cherehani nikiamini nimeachwa," Sindano alimwambia mumewe. Sauti yake sasa ilikuwa imeshuka. "Nimeharibu gauni la mtu. Nimekata mkono mmoja mfupi. Unajua mimi sijawahi kuharibu nguo."

"Najua."

"Kwa nini hukuniambia, Spoku?"

Alifikiria kwanza.

"Niliogopa. Ulikuwa umetulia. Jina la baba likitajwa tu, unakaa siku tatu huongei. Na nilipenda kuja naye. Mimi sina baba. Nikaona nikisema, nitawapoteza wote wawili."

Hilo Sindano hakulitegemea. Akakaa juu ya jiwe, akavua glovu, akazivaa tena.

"Ukiwa na mzigo ulete nyumbani," alisema mwishowe. "Hata kama ni baba yangu. Nimechoka kuumia peke yangu na wewe uko chumba cha pili."

"Nitaleta."

"Na bado nimekasirika."

"Kasirika. Mimi nipo."

Sindano akamvuta kwa kola ya jaketi na kumfuta tope kidevuni kwa kidole gumba, kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika. Spoku aliushika ule mkono, hakuuachia upesi.

Mzee alikohoa. "Zamu yangu imefika?"

"Imefika."

"Nilikosa, mama. Nilimpima mtu kwa ovaroli yake, mimi niliyepima ardhi maisha yangu yote kwa viatu vya matope. Harusi yako siwezi kuirudisha. Ninaomba unisamehe. Kama bado, nitangoja."

Sindano hakusema ndiyo. Alimwendea, akamfungia mkanda wa kofia chini ya kidevu, akauvuta mpaka ukakaza, na mikono yake ikabaki pale mashavuni mwa baba yake kwa muda mrefu. Mzee alifumba yale macho. Machozi yalifanya kazi iliyobaki.

"Umekonda," alisema bintiye.

"Napika mwenyewe."

"Inaonekana."

Ukungu ulikuwa unanyanyuka. Chini, bonde lilifunguka polepole: kijito, ukuta wa mawe, kisha paa za mbali za mji.

"Nani ataongoza?" Spoku aliuliza.

"Mimi," Sindano alisema. "Wewe kaa nyuma yake. Akiyumba, piga kelele."

Wakashuka. Alikwenda taratibu kuliko alivyowahi kwenda maishani, akitaja kila kitu kilichomjia mbele: jiwe kulia, tope, kona ya kushoto, sasa panyoofu, achia breki. Nyuma yake magurudumu mawili yalimfuata bila kukosea, na nyuma zaidi mengine mawili. Mahali penye mteremko mrefu wa nyasi akasikia mzee akicheka peke yake, kicheko cha mtu anayepigwa na upepo usoni. Hapo naye akaachia breki.

Chini, njia ilipokutana na barabara ya lami, walisimama. Mzee alihema, akapapasa hewani mpaka akapata bega la Spoku.

"Asante, mwanangu," alisema. Si fundi, kama alivyozoea kumwita. Spoku aligeuza uso akajifanya anakagua cheni.

Barabara ilikuwa na njia panda. Kulia ni kwa mzee. Kushoto ni kwa Spoku na Sindano.

"Mimi hata mlango wenu siujui," mzee alisema. "Una rangi gani?"

"Kijani," Sindano alijibu, akageuza usukani kushoto. "Twende, baba. Sikiliza tairi zangu."