Goti la Injini

Uvumi ulitoka kwa msusi jirani, ukamganda kama kupe mama yake Injini, binti aliyepewa jina hilo kwa mbio zake uwanjani: eti kocha wa timu ya shule huwadunga watoto sindano za ganzi kabla ya mechi.

"Lisemwalo lipo, shoga," msusi alisema. "Na kama halipo, laja."

Mama alikuwa dobi. Asubuhi, akifua nguo za mazoezi za bintiye, alinusa soksi. Ya kushoto ilinuka jasho tu. Ya kulia ilinuka dawa ya kuchua. Kumbe mtoto anaumia, na anaficha! Aliacha beseni, akaenda uwanjani na soksi ile, povu mikononi.

Kocha alikuwa akipanga koni. Zamani alikuwa kiungo wa ligi kuu, pasi zake zikisifiwa redioni. Siku hizi aliburuta mguu.

"Kocha, unawadunga watoto wetu?"

"Mama, sijamdunga mtoto wa mtu. Niliyedungwa ni mimi."

Mama akamwonyesha ile soksi. Kocha akamwita Injini, naye akaja mbio huku amejikaza.

"Chuchumaa."

"Mimi niko fiti, kocha."

"Sikukuuliza. Chuchumaa."

Hakufika chini. Alianguka kitako.

"Injini imezima! Isukumeni!" wenzake wakapiga kelele. Kisha wakaliona goti lilivyovimba, wakakimbia kumwinua.

"Mwanangu, umetumia nini?" mama akauliza.

"Nilijichua kwa dawa, nikameza na vidonge vya maumivu. Golikipa alinipa vya kaka yake." Akamgeukia kocha, machozi yakimlengalenga. "Wewe mwenyewe ulisema ulicheza fainali na goti bovu, mkachukua kombe!"

Kocha aliinama. "Nilisema. Yaliyofuata sikuwaambia. Baada ya sindano ile ya ganzi sikumaliza msimu mwingine. Nikawa kocha kwa sababu mguu ulikataa, si kwa sababu niliuchoka mpira. Mwanangu wa mwisho sijawahi kumbeba begani."

Hospitalini daktari hakuzungusha maneno. "Kano imechanika. Angeletwa mapema, angepumzika tu akapona. Sasa tutampasua. Kutembea atatembea vizuri, mama. Mpira, sitaki kuwadanganya."

Injini aligeukia ukutani. Mama alimshika unyayo.

Goti lilitengenezwa, na Injini akarudi darasani kwa magongo. Siku hiyo kocha aliwakusanya wachezaji wote.

"Maumivu ni mlinzi anayepiga kelele mlangoni," aliwaambia. "Ukimziba mdomo, mwizi haondoki. Anaiba kwa nafasi. Mwenzenu ameibiwa, na mimi ndiye niliyewafundisha kumnyamazisha mlinzi."

Basi watoto, epukeni haya:

Kucheza huku mnaumia.

Kumeza dawa ya mtu mwingine, hata awe rafiki.

Kumficha mzazi au mwalimu maumivu kwa kuogopa kukosa namba kikosini.

Kumcheka anayechechemea.

Kuamini sifa za ushindi kabla ya kuuliza mshindi yuko wapi leo.