Usingizi wa Digrii Tisa

Saa nne ya asubuhi soko la jumla lilikuwa limeshachemka. Jua lilichoma utosi, wapagazi walipiga kelele za kuomba njia, na katikati ya vurugu hiyo alitokea mwanamume aliyevaa koti zito la pamba lililofungwa hadi kidevuni, kofia ya sufu na glavu, akisukuma mkokoteni wa masanduku ya matufaa. Dada mmoja alishangaa, akageuka kumtazama vizuri. Begi alilobeba mgongoni, kubwa kuliko yeye mwenyewe, likageuka naye, likapiga sanduku la juu. Matufaa yakamwagika.

"Samahani, kaka!"

"Samahani haiokoti matufaa, dada. Inama."

Wakainama wote wawili. Dada alikuwa na jinzi iliyopauka magotini, fulana ya kijani yenye picha ya hema kifuani, na macho ya mtu ambaye hajalala wiki nzima.

"Kwani unahama?" mwanamume aliuliza. "Hilo begi limebeba nyumba."

"Limebeba nyumba kweli. Hema, jiko na kitanda. Na wewe je, unaumwa, au ndiyo fasheni? Koti juani!"

"Natoka kwenye baridi, narudi kwenye baridi. Ndiyo kazi yangu, stoo ya baridi ya matunda. Hapa wananiita Baridi, hata mama yangu siku hizi ameshazoea."

Dada aliacha kuokota. Tangu alfajiri alikuwa akizunguka mji kutafuta baridi. Kiwanda cha barafu kilimfukuza getini, bucha mbili zikamcheka. Sasa baridi ilikuwa imechuchumaa mbele yake, imeshika tufaa.

Kisa cha dada huyu kilikuwa hiki. Mjomba wake alikuwa na duka la vifaa vya wapanda milima na walala porini: mahema, majiko madogo ya gesi, mabegi, mifuko ya kulalia. Wateja walikuwa wachache, na waliofika walishikashika wakaondoka. Mjomba akakata shauri: kama mteja haji kwenye hema, hema limfuate kwenye simu yake. Akamtafuta mtu wa kuonyesha, na mpwa ndiye aliyekuwa na uso wa kutazamika na asiyejua kukataa. Miezi minane sasa alikuwa akisimamisha mahema juu ya paa la duka mbele ya simu, akiyamwagia ndoo za maji, akichemsha chai kwenye upepo, akicheka. Watazamaji wakambatiza Bibi Hema. Mwanzoni alifurahi. Siku hizi kicheko alikivaa kama alivyovaa ile fulana, na usiku simu haikumwacha: zipu inafunguka upande gani, nguzo hii inaingia wapi, mbona yangu haisimami? Alilala vipande vipande.

Ndipo ukaja mzigo wa mifuko ya kulalia mia mbili, kila mmoja umeandikwa kwamba unafaa hadi digrii sifuri. Bibi Hema akajilaza ndani ya mmoja, palepale juu ya paa, akausifu. Mtazamaji mmoja akaandika: "Bibi Hema, kwa joto la hapo hata gunia lingekutosha." Watu walicheka kuliko walivyowahi kucheka tangu video zianze. Mjomba hakucheka. "Tafuta baridi, mwanangu," alisema. "Usirudi bila baridi."

"Nataka kulala ndani ya stoo yako saa moja," alimwambia Baridi. "Kwa digrii sifuri. Nirekodi."

Baridi alirudisha tufaa sandukuni. "Wanaume huwa wanapewa salamu kwanza," alisema. "Lakini sawa. Chumba cha pili kitupu mpaka kesho."

Chumba chenyewe kilikuwa na kuta za bati jeupe na mlango mnene wenye kidirisha cha kioo. Nje, kando ya mlango, palikuwa na swichi na namba nyekundu zinazoonyesha ubaridi. Bibi Hema alizipiga picha: sifuri. Akaingia, akasimamisha simu kwenye stendi, akasema maneno yake ya kila siku, akajiingiza kwenye mfuko na kufunga zipu hadi shingoni. Baridi ilimng'ata puani. Alipanga kuzungumza saa nzima. Dakika ya saba sauti ikafifia. Ya kumi, akalala.

Alilala fofofo, mdomo wazi kidogo, mkono chini ya shavu. Hapakuwa na mlio wa simu wala mjomba. Baridi alipomgusa bega muda ulikuwa umeshapita, na Bibi Hema alipofumbua macho alikuwa karibu kulia kwa utamu.

"Umekoroma," Baridi alisema.

"Mwongo."

"Kidogo tu. Kama paka."

Mjomba aliikatakata video ikabaki ya dakika tatu, lakini zile tatu zilitosha. Watu walikuwa wamemwona Bibi Hema akicheka miezi minane, ila hawakuwahi kumwona akifanya jambo la kweli, na usingizi ule ulikuwa wa kweli. Nusu ya mifuko ikaisha ndani ya siku sita.

Na kuanzia hapo simu yake ikaanza kulia kwa jambo jingine.

"Bibi Hema, umekula?"

"Nimekula upepo. Leo nimesimamisha hema mara sita."

"Pitia huku ule matufaa. Yamepondeka, kama wewe."

"Asante kwa sifa."

"Yaliyopondeka ndiyo matamu, mpenzi."

Neno hilo lilimtoka Baridi bila kupanga. Tangu siku hiyo kila jioni kabla soko halijafungwa walikaa kwenye masanduku matupu, Bibi Hema na fulana yake ya kijani, mwenzake na koti lake, wakila matufaa yenye makovu. Hawakuongea sana. Walikuwa watu wawili waliochoka, na mtu aliyechoka anampenda anayemruhusu anyamaze. Mara moja moja Baridi alifungua mdomo kama anayetaka kusema jambo, kisha akauziba kwa tufaa. Bibi Hema alidhani anatafuta maneno ya posa. Hakumharakisha.

Wiki ya tatu alipigiwa simu na mwanamke mzee.

"Mwanangu, mimi ni nesi mstaafu. Tulinunua mifuko miwili, mimi na mzee wangu. Tulikuwa tunatimiza miaka arobaini ya ndoa, tukasema tupande mlima kabla magoti hayajakataa."

"Hongereni, mama."

"Asante. Mzee wangu yuko wodini. Baridi imeingia mapafuni. Nafuu ipo, usiogope. Wala sitaki mnirudishie kitu. Nina swali moja tu, unijibu kama mwanangu wa kuzaa. Siku ile, ulilala kweli au uliigiza?"

"Nililala kweli, mama. Haki ya Mungu."

"Basi mbona sisi hatukulala?"

Bibi Hema alimtakia mzee nafuu, akakata simu. Aliwaza ile saa moja, usingizi mzito pekee alioupata mwaka mzima, akahisi mtu anataka kumnyang'anya. Alikwenda sokoni moja kwa moja.

"Twende tena chumbani," alimwambia Baridi. "Sasa hivi. Nataka kujua mfuko ule una nini."

Baridi aliweka chini sanduku alilokuwa amelishika. Akavua kofia.

"Usiende. Hutalala."

"Kwa nini?"

"Siku ile haikuwa sifuri. Ulipolala, nilipandisha. Ilikuwa tisa."

Hakuelewa mara moja. Alipoelewa, alimsogelea. "Nani alikwambia upandishe?"

"Hakuna. Nilikuona kioo­ni, nikaona..."

"Umeona nini? Wiki tatu unanilisha matufaa, unaniita mpenzi, na mzee wa watu yuko wodini! Wiki tatu, Baridi!"

"Siku ya kwanza lilikuwa jambo dogo. Nilipoona watu wananunua, likanishinda mdomo. Nakuomba..."

Hakusubiri ombi. Alirudi dukani na kumweleza mjomba, akitegemea kuona hasira. Mjomba akapiga paja, akacheka mpaka machozi. "Kumbe! Kijana ana akili kuliko sisi sote. Nyamaza, mwanangu, imebaki mifuko michache. Mgonjwa atapona."

Kicheko kile ndicho kilichommaliza. Alijiona mjinga aliyepangiwa mchezo: mjomba kwa upande huu, mpenzi kwa upande ule, na yeye katikati amelala mdomo wazi. Alimfungia Baridi simu, asiweze kumpigia tena. Kwa siku nne alisimama mbele ya stendi akishindwa kucheka, na siku ya tano mjomba alipompa mfuko wa kulalia auonyeshe, aliurudisha mezani.

"Uso ni wangu, mjomba. Yule mama hakuliamini duka, aliniamini mimi. Narudi kwenye baridi, safari hii watu waone namba mwanzo hadi mwisho."

"Utaniua."

"Sikuui. Nimechoka tu."

Alichagua saa ambayo alijua Baridi hupumzika, akaenda kuomba chumba kwa mwenye stoo. Alikuwa mama mnene mwenye miwani iliyoning'inia kifuani kwa kamba, mtu wa maneno machache.

"Huyo kijana aliyekufungulia siku ile nimemtoa ndani, anapakua malori," alisema. "Hapa hagusi mtu swichi bila kuandika, maana matufaa yanaoza. Yeye aliandika, sikatai. Ila sababu aliyoiandika si sababu ya kazi. Tazama mwenyewe."

Alimsogezea daftari la ubaridi. Lilikuwa na mistari ya kila siku, saa na digrii na sababu: mzigo umeingia, mzigo umetoka, mlango umefunguliwa. Bibi Hema aliitafuta tarehe ile. Mwandiko ulikuwa wa Baridi, wa herufi kubwa zilizosimama wima.

Saa tano na dakika kumi. Kutoka sifuri hadi tisa. Sababu: Kalala. Kachoka sana.

Aliusoma mstari ule mara ya pili, na mara ya tatu herufi zikaanza kuogelea machoni. Mjomba hakuwamo humo. Hapakuwa na mchezo wala mpango. Palikuwa na mtu aliyesimama nyuma ya kioo, akamwona mwanamke asiyemjua amelala, akamwonea huruma, kisha akaandika ukweli mahali pekee alipozoea kuuandika.

Akamfungulia simu, akampigia. Iliita mara moja tu.

"Bibi Hema?"

"Uko wapi?"

"Juu ya lori."

"Shuka. Koti liache hukohuko."

Alimkuta amesimama mlangoni mwa chumba cha pili, ambacho mwenye stoo alikubali kuwapa, na shati jepesi, jasho usoni, mikono haijui ikae wapi. Bibi Hema alimkabidhi mfuko wa kulalia: zamu yake. Stendi aliisimamisha nje safari hii, simu ikitazama kidirisha na namba nyekundu kwa pamoja. Watazamaji walianza kuingia, mia, mia tatu, elfu.

"Ndugu zangu," alisema bila kicheko, "video ile iliyowafanya mnunue mifuko haikuwa kweli. Niliwaonyesha sifuri, nikalala kwenye tisa. Sikujua, lakini uso ulikuwa wangu, kwa hiyo kosa ni langu. Atakayerudisha mfuko, utapokelewa. Na huyu hapa ndiye aliyepandisha."

Baridi alisogea. "Ni mimi," alisema. "Nilimwonea huruma yeye, nikawasahau ninyi. Nisameheni." Kisha akaingia, akajifunga zipu, na mlango ukafungwa. Namba ilisoma sifuri, ikabaki hapohapo.

Dakika ya kumi alikuwa amejikunja. Ya ishirini, mfuko mzima ulikuwa unatikisika.

"Bi-Bibi Hema," sauti ilitoka kwa shida nyuma ya kioo. "Nipandishie kidogo."

"Sipandishi."

"Mbili tu, mpenzi!"

"Hata nusu. Wenzako walikaa usiku kucha."

Watu waliandika vicheko, wengine matusi, wengine mioyo. Kidole chake kilikuwa karibu na swichi na kilimwasha kweli, lakini hakukigusisha. Ndipo ukaja ujumbe mmoja mrefu, na Bibi Hema akausoma kwa sauti: "Mimi ndiye nesi. Mzee wangu ametoka wodini jana, tunatazama pamoja. Anasema ameshasamehe. Mtoe huyo mtoto, mwanangu, kabla hajawa mgonjwa wangu."

Alifungua mlango.

Walikaa nje juani, kwenye masanduku yaleyale, koti limewafunika wote wawili. Dukani mjomba alikuwa ameshaanza kufuta sifuri kwa kalamu ya wino mzito na kuandika tisa, mfuko mmoja baada ya mwingine, akinung'unika. Meno ya Baridi yalikuwa bado yanagongana.

"Nina jambo la kukuuliza," alisema. "Lakini meno hayatulii."

"Uliza yakitulia."

Bibi Hema aliegemeza kichwa begani kwake, ili asubiri vizuri. Simu yake aliizima. Soko lilipiga kelele zake, mikokoteni ikapita, na kabla meno hayajatulia usingizi ukambeba.

Alipoamka kivuli kilikuwa kimefika miguuni. Baridi hakuwa amesogea hata kidogo, na bega lake lilikuwa limekufa ganzi.

"Uliuliza?" Bibi Hema alimwuliza.

"Niliuliza. Umelala."

"Basi ndiyo."

"Ndiyo nini? Hujasikia swali!"

"Ndiyo, Baridi. Nitaolewa na wewe. Ila siku nyingine ukiniona nimelala penye baridi, usiguse kitu." Alimfunga kifungo cha juu cha koti, taratibu, mpaka kidevuni. "Niamshe."