Mkono wa Kushoto Mlangoni

Alhamisi, saa nne kasoro dakika kumi asubuhi, mlinzi Obura alirudi kutoka kunywa chai akaukuta ukumbi wa zamani wa kantini, pale mteremkoni Naguru, umeachama kama kibogoyo. Mlango wake ulikuwa wa mabawa mawili. La kulia lilikuwepo, la kushoto halikuwepo. Kufuli halikuvunjwa, ufunguo ulikuwa juu ya msumari wake kibandani, na uani hapakuwa na alama yoyote ila njia za magurudumu, ambazo wiki ile zilikuwa nyingi kwa sababu ya maandalizi.

Kwa mtu baki, lile bawa lilikuwa bati jembamba lililopigiliwa kwenye fremu ya mbao. Kwa waliokulia kwenye kota za askari, lilikuwa ujana wenyewe. Mwaka wa 1984 Koplo Obita, aliyeshika brashi vizuri kuliko bunduki, aliwachora watu wa kota mlangoni: kulia akina mama wakicheza, kushoto bendi ikipiga. Kila sura ilikuwa ya mtu mwenye jina na deni la sukari kwa jirani. Ukumbi ulikuwa umeachwa miaka kumi na tano, na mwezi uliofuata ungebomolewa. Jumamosi familia zilizotawanyika zingekuja kuuaga, kisha mlango ungeng'olewa na kutunzwa. Sasa mtu alikuwa amewatangulia.

Inspekta Wanyama, kwa maoni yake mwenyewe, alimaliza kesi kabla ya chakula cha mchana. Mtu wa mwisho kusaini ufunguo alikuwa Nakhisa, Mkenya wa Bungoma, mfanyakazi wa duka la kuchapisha picha mjini, ambaye alfajiri kabla ya kazi huzunguka akipiga picha michoro ya ukutani na majengo yaliyohamwa. Aliuchukua saa kumi na mbili na dakika arobaini na tano, akaurudisha saa moja na dakika ishirini. Wanyama alimweka ndani, kamera yake akaifungia kabatini.

Sajini Rosalba Ayaa wa upelelezi aliipata habari hiyo mezani, akiandika maelezo ya kesi nyingine kwa mkono wake wa kushoto. Aliiweka kalamu. Aliinuka akaenda kuiomba kesi ile, na Wanyama, aliyedhani imekwisha, akampa mpaka Ijumaa jioni.

Hakumwambia sababu. Baba yake, Ochan, aliondoka kota mwaka wa 1985, vita vilipokuwa vimepamba moto, hakurudi. Rosalba alikuwa na miaka miwili. Picha zote za nyumbani ziliteketea na nyumba. Kila alipouliza baba alifananaje, mama yake, Adoch, alimjibu neno moja: "Nenda kantini. Ni yule wa tarumbeta." Mtoto alikwenda mbio, akamkuta wa tarumbeta ni Mzee Oryem, mwenye pengo na kidoti shavuni, ambaye hata sasa yu hai na hajachoka kusimulia alivyokuwa akiilipua bendi. Rosalba alijiambia kwamba huzuni imemchanganya mama. Adoch alifariki miaka miwili iliyopita bila kubadilisha jibu. Tangu hapo Rosalba alikuwa akipita kantini, anaukodolea macho mlango, akimtafuta baba yake miongoni mwa wapiga ngoma. Likipotea lile bawa, amempoteza mara ya pili, na safari hii hata pa kutafutia hapatakuwepo.

Alianza na bawaba. Zilikuwa zimebaki ukutani, nzima, bila mkwaruzo wala alama ya msumeno. Obura, jasho likimtoka, alisema ni wezi wa vyuma vikuukuu. Alipoulizwa shemeji yake anafanya kazi gani, alitazama viatu vyake akakiri kwamba ananunua vyuma hivyo hivyo, huko Katwe. Kwa nini hakusema mapema? Kwa sababu, alisema Obura, angesema mapema angekuwa tayari yuko ndani na yule Mkenya.

Saa tisa alasiri Rosalba alikuwa Katwe, katikati ya cheche na kelele za nyundo, mbele ya kuta zilizochorwa sura za mabondia na wanamuziki. Shemeji hakuwa na bati lolote lenye rangi. Fundi wa jirani, Makokha, alizitazama bawaba kwenye picha iliyopigwa kwa simu ya Obura, ambayo Rosalba alikuwa ameiazima, akacheka kwa upole.

"Mwizi wa chuma hawezi acha bawaba, Afande. Hapo ndio chuma iko. Ile bati ingine ni karatasi tu." Kisha akamwonyesha kwa kidole. "Hizi ni za kuinua. Unafungua mlango mpaka ugonge ukuta, mnainua watu wawili, unatoka mzima. Kama hujui, utavuta mpaka kesho."

Kwa hiyo Obura alitoka kwenye orodha, na mwizi akawa mtu anayelijua lile jengo.

Saa kumi na moja alimkuta Mzee Oryem ukumbini, mwenyekiti wa kamati ya kuaga, akipanga viti vyekundu vya plastiki. Alikuwa amevaa ile kofia yake ya bendi yenye utepe mweupe, ambayo haivui hata kanisani. Alimpokea kwa unyonge wa mfiwa. Alisema alifika saa tano, na viti vyake, akakuta maafa yamekwisha tokea.

"Mzee, hii mulango inatoka namna gani?" Rosalba aliuliza.

"Mimi ntajua wapi, mwanangu? Siku ya dansi watu ya viti ndio walikuwa natoa ile upande moja, viti ipite. Sisi ya bendi tulikuwa nakuja kukuta kitu yote iko tayari." Alipuliza hewa, vidole vyake vikicheza juu ya tarumbeta isiyokuwepo. "Siku hizo, mwanangu. Siku hizo."

Naye Rosalba, pamoja na kazi yake, alijikuta anatabasamu. Nani hapendi kusikia siku hizo?

Ijumaa, saa mbili asubuhi, alimtoa Nakhisa mahabusu akamkalisha mezani, akamletea chai na kamera yake. Binti alikuwa na macho mekundu lakini ulimi haukuwa na uoga. Alisema mwenye duka angemvumilia siku moja, si mbili.

Rosalba alimtaka aeleze kazi yake kama anavyomweleza bibi yake. Nakhisa akaeleza. Jumba lililohamwa lina giza ndani na jua kali dirishani, na kamera haina macho ya kuviona vyote kwa pamoja. Basi yeye huiweka kamera juu ya miguu yake mitatu na kupiga picha tatu za mahali pamoja: moja ya giza, inayoona vya nje tu; moja ya wastani; na moja ya mwanga mwingi, inayoona pembe za ndani. Kisha programu ya kompyuta huziunganisha tatu zikawa moja, kila kitu kikaonekana. Ufundi wenyewe unaitwa HDR. Ndiyo kwanza alikuwa akiujaribu tangu Krismasi, na makosa hayakosekani.

"Makosa gani?"

"Mizuka, Auntie. Kitu kikisonga kati ya picha na picha, kinatokea mara mbili. Mtu anakuwa na vichwa viwili. Kwa hivyo siku hizi naambia programu itoe mizuka yote." Alicheka kidogo. "Wiki tatu zilizopita nilikuwa sijajua. Nilituma picha ya ule mlango kwa grupu ya watu wa kota, wakanicheka. Mzee Oryem alikuwa na mikono mitatu."

Rosalba, mwenye simu ya vitufe, hakuwa kwenye grupu lile. Alitaka kuiona. Nakhisa aliitafuta kwenye kamera, akaikuza, akaomba radhi kwa ubovu wake. Ufundi ule ulikuwa umekamua rangi mpaka kila mfereji wa brashi ukaonekana. Mkono wa kulia wa Oryem ulishika tarumbeta, wazi kabisa. Na chini yake, kwa mbali, kama alama ya godoro mgongoni mwa aliyelala, mkono mwingine uliishika tarumbeta hiyo hiyo: wa kushoto. Juu ya ile kofia palionekana mstari wa kichwa kingine, kirefu kidogo.

Rosalba aliuweka mkono wake wa kushoto juu ya meza, akautazama. Mama yake alikuwa akimwambia, kila mwalimu alipomchapa kwa kuandika kwa kushoto: "Wakuache. Baba yako kidole cha mkono wa kulia kilikatwa na mashine, akapiga tarumbeta kwa kushoto, na watu wakacheza."

"Nakhisa. Muzuka inatoka kwa kitu yenye inatembea, si ndiyo?"

"Ndio."

"Mutu ya kuchorwa na rangi, pale mulangoni, anatembea?"

Nakhisa aliiangalia picha, akamwangalia Rosalba. Akafunika mdomo kwa kiganja. Wiki tatu alikuwa ameionea haya picha iliyokuwa sahihi kuliko zote alizowahi kupiga.

Kulikuwa na mtu chini ya mtu. Na mmoja katika grupu, badala ya kucheka, alikuwa ameelewa.

Rosalba aliomba picha za Alhamisi. Ile iliyounganishwa, ambayo Wanyama aliitazama na kutikisa kichwa, ilionyesha ukumbi mtupu na dirishani ua mtupu. Hakukuwa na mtu ila mpiga picha. "Sitaki hii iliyosafishwa," Rosalba alisema. "Nataka tatu zake." Zilikuwa bado kwenye memori kadi. Katika ya mwanga, dirisha lilikuwa jeupe tupu. Katika ya giza, ukumbi ulikuwa mweusi, lakini nje kulikuwa kweupe na kila kitu kimekaa mahali pake: mkokoteni uliopakiwa viti vyekundu, msukumaji wake ameinama, na nyuma yake mzee mwenye kofia ya utepe mweupe, anachungulia ndani. Programu ilikuwa imemfuta pamoja na mizuka mingine. Saa iliyoandikwa chini ilikuwa saa moja na dakika tano asubuhi. Njia ya mwongo fupi.

Saa sita mchana Rosalba na Nakhisa walikuwa sokoni Kalerwe. Msukumaji alipatikana kati ya matoroli ya ndizi, Mkongomani aitwaye Emile, ambaye hakuwa na la kuficha. Alisema walipandisha viti asubuhi, wakaviweka nyuma ya jengo, wakangoja dada wa kamera atoke na mlinzi aende chai, kisha mzee akachukua ufunguo kibandani, wakalitoa bawa na kulishusha limefungwa turubai. Mzee alimwambia kwamba linapelekwa kutunzwa. Mzee huyo ndiye aliyemfundisha namna ya kuliinua.

Nyumba ya Oryem ilikuwa nyuma ya soko. Aliwafungulia mwenyewe, kichwa wazi. Rosalba hakuwahi kumwona bila kofia, na alishangaa jinsi mzee yule alivyo mdogo.

Alimsomea kwa utaratibu, kama sheria inavyotaka: saa moja na dakika tano, mkokoteni, Emile. Oryem alisema picha huongopa. Rosalba akaendelea. Alisema aliyetoa bawa lile alijua kuliinua, na watu wa bendi hawakujua, mzee mwenyewe ndiye aliyesema. Kisha akamwekea mezani ile picha ya mikono mitatu.

"Huyu wa chini ni Ochan. Alikuwa anapiga na kushoto. Mzee, kama tarumbeta ilikuwa ya baba yangu, wewe ulikuwa wa nini?"

Oryem aliigusa picha kwa ncha ya kidole, pale penye mkono wa kushoto.

"Viti," alisema. "Nilikuwa nabeba viti."

Mengine yalimtoka polepole. Kila Jumamosi alipanga viti, akasimama nyuma ya pazia, akaipenda bendi ile kuliko walioipiga. Vita vilipokwisha yeye akafanywa msimamizi wa kantini, Ochan hayupo, na asiyekuwepo na lake halipo. Alimwamuru Obita, aliyekuwa chini yake, amfunike Ochan kwa sura yake. Obita alifanya huku akilia. Walioijua bendi walikufa mmoja mmoja au wakahama, na Oryem akaanza kuwasimulia watoto wao, mpaka miaka ikapita akawa anakumbuka kweli midomo ilivyokuwa ikimuuma baada ya dansi. Ni Adoch tu aliyejua, na Adoch alikuwa akimtazama bila kusema kitu. Jumamosi walipanga kumtuza kama mwanabendi wa mwisho. Halafu ikaja ile picha.

"Nilitaka kukwangua yote," alisema. "Njoo uone."

Bawa lilikuwa limeegemezwa ukutani uani, chupa ya tapentaini na msasa chini yake. Wapiga ngoma walikuwa wazima. Pale palipokuwa na pengo na kidoti, rangi ilikuwa imeondoka, na mahali pake alisimama kijana mrefu mwenye paji pana, macho yamefumbwa nusu kwa raha, tarumbeta mkono wa kushoto.

"Nilijifuta mimi, yeye akatoka," Oryem alisema. "Nikashindwa kuendelea. Tangu jana niko nae hapa. Alikuwa napiga vizuri, mtoto ya Adoch. Vizuri sana."

Rosalba alitaka kumkasirikia, akaona hasira haipati pa kukaa. Alimwambia kwamba kesi itaandikwa, maana msichana wa watu amelala mahabusu kwa ajili yake, na kwamba kwanza atamwomba Nakhisa msamaha, hapa hapa. Oryem aliomba. Kisha akauliza kama kesho aache kuja.

"Utakuja," Rosalba alisema. "Utaeleza watu wewe mwenyewe. Na utaleta viti. Watu ya viti pia walikuwepo."

Nakhisa alikuwa amekwisha simamisha kamera juu ya miguu yake mitatu. Alimwomba Auntie asimame karibu na mlango, kando ya baba yake, atulie kwa picha tatu, asipumue kama anaweza. Rosalba alisimama. Alikuwa na miaka kumi na saba zaidi ya yule kijana. Aligusa bati kwa mkono wake wa kushoto, karibu na ule wa baba yake, na mabega yake yakaanza kutikisika.

Safari hii Nakhisa hakuiambia programu itoe mizuka. Picha hiyo iko ukutani nyumbani kwa Rosalba mpaka leo. Baba ametoka wazi, kila mstari wa paji lake unaonekana. Binti, ambaye alishindwa kutulia, ana nyuso tatu na zote zinalia.