Vifundo vya Mikono ya Anatoli

Kila jioni, baada ya kufagia darasa, Anatoli wa darasa la sita alikimbilia uwanja wa shule yao, mjini Kibondo. Hapo Daktari Winifrida, aliyehamishiwa wilayani kutoka Moshi, aliwafundisha watoto gofu. Jumamosi wangekwenda Kasulu kushindana na wenzao. Kwenye gari ilibaki nafasi moja tu, na Anatoli aliitaka kufa na kupona.

"Mnaposhusha fimbo, vifundo vya mikono vibaki vimekunjwa," Daktari alieleza. "Vikunjuke mwishoni, karibu na mpira. Vikikunjuka mapema, nguvu inaishia hewani. Mmeelewa?"

"Ndiyooo!" wakaitika. Sauti ya Anatoli ilizidi zote, na hakuwa ameelewa hata kidogo.

Zamu yake ilipofika alitoa macho, akapiga. Fimbo ikavuma vuu! Mpira ukabingirika kivivu, ukasimama mbele ya kuku. Kuku akaudonoa, akaenda zake.

"Khaa! Hata kuku kaukataa!" Yusta, mwanafunzi mwenzake, alicheka mpaka akakaa chini.

Anatoli akaamini kilichopungua ni nguvu. Ijumaa mchana alishindilia ugali wa muhogo na maharage mpaka mama yake akamuuliza kama amesikia njaa inakuja. Jioni alipoinua fimbo, tumbo likatangulia kupiga. Uwanja mzima ulisikia. Mpira haukusogea.

"Anatoli," Daktari alisema huku akijikaza asicheke, "yale ya vifundo uliyaelewa kweli?"

"Nd..." Akilini akaliona lile gari likiondoka bila yeye. Aibu ilimchoma, lakini akasema, "Hapana, Daktari. Nilikuwa naitikia tu."

Yusta akaacha kucheka, akanyoosha kidole. "Hata mimi, Daktari. Nabahatisha tu."

Daktari akamshika Anatoli mikono, akaishusha polepole pamoja naye. "Bado vimekunjwa... bado... mikono imefika pajani. Sasa achia!" Wakarudia mpaka jasho likamtoka. Alipopiga peke yake, mpira ulipaa juu ya goli ukatua kwenye migomba ya jirani.

"Kasulu hiyooo!" watoto wakashangilia.

"Kesho utapanda gari," Daktari akamwambia, kisha akawageukia wote. "Wanangu, kuuliza si ujinga. Mgonjwa akinidanganya kwamba hajambo, anarudi nyumbani na ugonjwa wake. Na mwanafunzi akinidanganya kwamba ameelewa, anarudi nyumbani na ujinga wake."