Goti la Baba Mbele ya Hakimu

Kila alfajiri kabla ya kwenda shule, Amran humzuia ndama huku ami yake, Adeer Awil, akikama ngamia katika boma lao nje kidogo ya mji wa Garissa. Hapo awali kazi hiyo ilikuwa ya babake, Kulow. Tangu agongwe na pikapu kando ya barabara na kukatika kano za goti, Kulow hukaa pembeni akitazama.

Siku ya kesi ya kumdai fidia mwenye pikapu, Awil alimvuta Amran kando. Alimwonya kwamba hakimu akijua Kulow anatembea, fidia ya kulitibu goti itaota mbawa. Akiulizwa, aseme babake hafiki hata langoni bila fimbo.

Mahakamani, wakili wa mwenye pikapu alimwuliza kwa upole, "Binti, nyumbani baba yako hutembea bila fimbo?"

Amran alimtazama ami yake, kisha babake, aliyeketi ametulia bila kujua lolote.

"Hutembea," alijibu. Awil akainamisha kichwa.

"Basi amepona."

"Hajapona. Hawezi kukama ngamia."

Wakili akataka kujua maziwa na goti vinahusiana vipi. Amran aliomba ruhusa ya kuonyesha. Alisimama kwa mguu mmoja, akaegemeza wayo wa pili juu ya goti, akaweka mikono kana kwamba chombo cha maziwa kimekaa pajani.

"Korongo huyo," mtu alinong'ona, na hakimu mwenyewe akatabasamu. Amran akaeleza kuwa ngamia ni mrefu, hukamwa hivyo. Babake alijaribu, goti likakataa, akaanguka pamoja na maziwa.

Daktari alipoitwa alithibitisha kwamba goti lile lilimudu mwendo wa polepole, ila halikuweza kubeba uzito wote peke yake. Majuma machache baadaye, hakimu aliamua kwamba jeraha lilikuwa kubwa na Kulow alipwe fidia.

Jioni hiyo Awil alieleza, kwa haya, alichomfunza mtoto.

"Nusura unizike, ndugu yangu," Kulow alisema akicheka. "Dereva aliyenigonga ameniona mara ngapi nikitembea sokoni? Uongo wako ungefichuka, na maumivu yangu ya kweli yangeitwa uongo pia."

Kisha akamgeukia bintiye. "Nawe, Amran, ulikubali neno lililotuumiza. Ndiyo maana waliliamini lililotufaa."