Kahawa Yetu Waliipenda

"Rashidah, mbona kimya? Unaogopa?"

"Naogopa, Harub. Leo naingia kwa mama yako kama mchumba, si kama shaghala, mtumishi wa ndani."

Alicheka, gari likapanda mlima kuelekea Al Amerat, pembeni mwa Muscat, huku Oman. Harub ni mwalimu wa historia. Tulijuana akija kumfundisha binti wa Madam Ruba, bosi wangu wa mtaa wa Madinat Sultan Qaboos, ninakofanya kazi na kulala. Kila tukiwa njiani hunisimulia masomo yake. Siku hiyo ilikuwa Wamaya, watu wa kale wa Amerika ya Kati.

"Jirani zao walikuwa na lugha nyengine, mila nyengine. Lakini walibadilishana kakao, chumvi, manyoya ya ndege, mawe ya kijani. Mpaka haukuzuia kitu."

"Na kuoana je?"

"Wengine walioana pia."

"Basi na sisi tutaweza."

"Inshallah, habibti. Mama nimeshamwambia kila kitu."

Roho yangu ikatulia.

Tulipofika, sebule ilijaa wanawake. Mama yake, Bi Masouda, akanishika mkono.

"Karibu mwanangu, kaa. Harub, mgeni wetu nani?"

Nilishtuka. Kumbe hakumwambia! Nikamtazama Harub, akainamisha macho.

"Rashidah, mama. Mganda. Anafanya kazi kwa Ruba."

"Mganda! Nnaipenda kahawa ya kwenu. Humu ndani hatunywi nyengine."

Shangazi yake, Balqees, akanikagua toka kichwani mpaka miguuni.

"We Harub! Isiwe unatuletea bibi harusi!"

Wakacheka wote. Mimi nilingoja. Nilitaka aseme ndiyo, basi.

Harub akaninyooshea kikombe.

"Hapana, shangazi. Kaja kutusaidia. Rashidah, nitilie kahawa."

Mikono yangu imezoea. Kabla sijafikiri, birika lilikuwa mkononi. Nikamtilia yeye, nikawatilia wote. Kwao anayetilia hakai mpaka kila mtu atikise kikombe kuonyesha ametosheka. Nikasimama na gauni langu jipya. Mmoja mmoja wakatikisa. Harub akawa wa mwisho, na hakuniangalia.

Nikaweka birika chini, nikatoka.

Kwenye teksi ujumbe ukaingia:

"Nisamehe habibti. Nilishikwa na woga. Nipe muda n'tawaambia."

Nikaandika, nikafuta, nikaandika tena:

"Ungesema hunitaki ningelia yakaisha. Umenitumikisha kwenye posa yangu mwenyewe, Harub. Usinitafute."

Nikamfungia namba.

"Dada, nikupeleke wapi?" dereva akauliza.

Ilikuwa Ijumaa, siku yangu ya mapumziko. Sikuwa na kwingine.

"Kazini," nikamwambia.